Kiasi na Shuruti

Mwaka wa kumi na tisa nasimama
kati ya Kiingereza na kizimba,
navusha maneno kama mtu avushaye mayai.
Likivunjika moja, kuna atakayelala Maweni.

Jumatatu waliniletea Mwanakombo,
mkaanga mihogo wa Barabara ya Kumi na Nne.
Saa tano usiku alikuwa anafunga biashara,
karai bado linachemka,
mtu akaruka ua, na kitu kirefu kikimeta mkononi.
Mwanakombo hakuita jina la mtu.
Alimwaga.

Jaji akatamka lake, nami nikatamka langu:
"Je, ulitumia nguvu ya kiasi?"
Akanitazama mimi, jaji akamwacha.
"Kiasi gani, mwanangu?
Mama alinambia chumvi kiasi, tui kiasi,
lakini kwanza nionje.
Yule aliniachia nionje?"
Kuna aliyecheka kule nyuma, akajikohoza.

Polisi wakasema asubuhi waliokota kipande cha bati.
Panga halikuwepo.
Nikadhani basi, kwisha habari yake.
Kumbe sheria ile, pamoja na baridi ya kwao,
ina mahali inapoinama:
hatumtazami kwa jua la saa nne, alisema jaji,
tunamtazama kwa macho aliyokuwa nayo usiku ule,
na aliyevamiwa hadaiwi mizani ya sonara.
Nililivusha hilo polepole. Nilitaka alisikie vizuri.
Alikwenda nyumbani na mkono wake wa kulia
wenye madoa ya mafuta yake mwenyewe.

Alhamisi, Mhina.
Dereva wa lori la mkonge, shati limepigwa pasi na mtu ampendaye.
Wawili walimwonyesha simu: binti yake,
getini pa shule, Chumbageni, soksi moja imeshuka.
Wakamwambia atupeleke ghalani Pongwe, azime taa,
asigeuke.
Hakugeuka.
Mlinzi wa zamu alikuwa Semkiwa.

"Shuruti," nilisema,
na neno likanikwama, maana kwetu
shuruti ni fimbo ya chuo iliyolala juu ya kabati,
ni mjomba aliyekwisha kula mahari.
Shuruti ya mahakamani, lo, ina masharti:
tishio liwe la kifo au la kulemazwa,
liwe la sasa hivi,
kusiwe na kichochoro cha kukimbilia,
na mtu wa kawaida, mwenye moyo wa kawaida,
awe naye angeinama.
Hata yakitimia yote,
likija suala la roho iliyotoka, mlango unafungwa.
Huwezi kulipia ya kwako kwa ya jirani
ukasubiri chenji.

Mhina alishika chuma cha kizimba.
"Muulize jaji,
huyo mtu wa kawaida ana mtoto?"

Mshtakiwa haulizi. Najua hivyo, karani anajua.
Nililivusha.
Jaji akavua miwani, akaifuta kwa joho,
akaivaa tena. Karani mikono juu ya mashine,
hana herufi ya kupiga.

Kesi imeahirishwa hadi tarehe kumi na nne.

Nje, karibu na bomba, mjane wa Semkiwa alinishika kiwiko.
Hajui Kiingereza, na siku zote nne
hakuna aliyeniomba nimvushie yeye chochote.
"Wanasema huyu alitishwa. Sawa, alitishwa.
Na mume wangu, wao walimuuliza?"
Nikafungua mdomo.
Lugha mbili ninazo, na ya mama, Kizigua, ya tatu.
Nikamshikia ndoo ijae.

Usiku nilipika changu wa nazi.
Nikatia chumvi nikiwaza soksi ile iliyoshuka,
nikatia tena, sikuonja.
Mume wangu alikula matonge mawili,
akasogeza sahani, akaniuliza leo kulikuwa na kesi gani.